Mazao ya walowezi wa kale wa Madagaska na Komoro: ni kipi hasa kilichochimbuliwa ardhini?

Mwalimu wa Tukuyu

Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha Historia katika shule ya sekondari wilayani Rungwe. Kila tunapofika kwenye mada ya mawasiliano ya kale kati ya Afrika Mashariki na Asia, madaftari yetu yanarudia maelezo yale yale: kwamba mabaharia kutoka visiwa vya Indonesia walivuka Bahari ya Hindi, wakaweka makazi Madagaska, na wakaja na ndizi, magimbi, viazi vikuu, nazi na mpunga. Kwa wanafunzi wangu hayo si mambo ya mbali. Wengi wametoka katika nyumba zilizozungukwa na migomba, magimbi yanaota kando ya kijito kilicho nyuma ya madarasa, na wali wa sikukuu unapikwa kwa mchele uliopandishwa kutoka Kyela.

Mwaka huu binti mmoja wa kidato cha pili aliniuliza mabaki ya mazao hayo yalichimbuliwa wapi. Nilimweleza habari za lugha, kwamba mwanaisimu Mnorwei Otto Christian Dahl alionyesha mwaka 1951 kuwa Kimalagasi kina undugu wa karibu sana na Kimaanyan, lugha inayozungumzwa kusini-mashariki mwa kisiwa cha Borneo. Akasema ameelewa watu walikotoka, lakini lugha haijamwonyesha walichopakia chomboni. Naliona swali lake kuwa la haki kabisa, na nisingependa kumjibu kwa kumrudishia daftari.

Ninaomba msaada katika jambo hilo tu. Je, yapo mabaki halisi ya mimea, yaliyotoka ardhini na kupimwa umri, yanayoonyesha kwamba walowezi hao walikuja na mazao yao? Kama yapo, yalipatikana wapi, na yanahusu mazao yapi kati ya hayo matano?

Mchimbuaji wa Iringa

Mwalimu, pole na kazi. Mabaki yapo, na binti huyo ameuliza swali ambalo wanaakiolojia wenyewe walikaa nalo kwa miaka mingi. Lugha ilikuwa imekwisha kusema, na vinasaba vya watu wa Madagaska vilikuwa vimekwisha kuonyesha asili ya Kiafrika na ya Kiasia kwa pamoja, lakini ardhi ilikuwa haijatoa kitu ambacho mtu angeweza kukinyooshea kidole na kusema hiki kilikuja na watu wale. Vigae vya vyungu vya makazi ya mwanzo havikutosha kuwatambulisha.

Sababu moja ni namna tulivyokuwa tukichimba. Katika pwani yetu wachimbuaji wa kizazi cha kwanza, kama Neville Chittick kule Kilwa katika miaka ya 1960, walishughulikia zaidi misikiti, kuta, sarafu, shanga na vyombo vya kigeni. Punje ya mpunga iliyoungua ina ukubwa wa milimita chache na rangi ya mkaa, kwa hiyo sepetu haiioni, na hata chekeche la kawaida la uchimbaji huiachia ipite pamoja na udongo. Ili kuipata hutumiwa maji. Udongo wa kila tabaka hupimwa kwa lita, humiminwa katika pipa au ndoo ya maji, hukorogwa taratibu, na vile vilivyoungua, kwa kuwa ni vyepesi, huelea juu. Maji ya juu humwagwa kupitia kitambaa au wavu wenye matundu madogo kuliko milimita moja, kinachobaki huanikwa kivulini, kisha mtu hukaa mbele ya hadubini akitenga mbegu na vipande vya mkaa. Kazi hiyo ni ya kuchosha, na ndiyo maana ilichelewa kufika kwetu.

Timu ya mradi ulioitwa Sealinks, chini ya Nicole Boivin, ilifanya kazi hiyo katika makazi ya kale 18 ya Madagaska, Komoro na pwani ya Afrika Mashariki pamoja na visiwa vyake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016, na mwandishi wa kwanza alikuwa Alison Crowther. Walitambua karibu mabaki 2,500 ya mazao, na baadhi ya mbegu zenyewe zilipimwa umri kwa radiokaboni. Hilo la kupima mbegu yenyewe ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu panya na mchwa hushusha vitu vya juzi hadi kwenye tabaka la kale, na anayepima mkaa wa jirani anaweza kuipa mbegu umri usio wake.

Mwalimu, picha iliyotokea ilikuwa ya pande mbili. Katika makazi ya bara na visiwa vilivyo karibu na bara, kati ya karne ya 8 na ya 10, mazao yaliyotawala ni yetu ya Kiafrika: mtama, uwele, ulezi, kunde, na mbegu za mbuyu. Mpunga na choroko vilipatikana pia, kwa mfano Unguja Ukuu, lakini kwa uchache. Ukivuka kwenda Komoro, kama katika makazi ya kale ya Sima kisiwani Ndzuani, na ukifika Mahilaka kaskazini-magharibi mwa Madagaska, hali inageuka: kinachojaa ni mpunga, choroko na pamba, na nafaka za Kiafrika ndizo zinazokuwa chache. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ardhi kutoa alama ya mazao ya walowezi waliotoka Asia ya Kusini-Mashariki.

Kwa mazao yako matano, basi, ushahidi wa mbegu ni thabiti kwa mpunga, na daftari linapaswa kuongezewa choroko na pamba ambazo halikuzitaja. Ndizi, magimbi na viazi vikuu vinahitaji maelezo mengine kabisa.

Mzee wa Kyela

Nimesoma kwa makini, na ninaomba kutia neno kabla Mwalimu hajaenda nalo darasani. Mimi nimelima mpunga katika bonde la Kyela tangu ujana wangu, na ninajua kwamba mbegu husafiri na yeyote mwenye haja nayo, si lazima na mlowezi. Mfanyabiashara hubeba chakula cha safari, mabaki ya gunia huanguka bandarini, na msimu unaofuata pana shamba. India ilikuwa ikilima mpunga na choroko kwa maelfu ya miaka, na merikebu za India na za Uarabuni zilikuwa zikifika pwani yetu kwa pepo za msimu katika karne hizo hizo mlizozitaja. Kwa nini tusiseme kwamba mpunga wa Madagaska na Komoro uliletwa na wafanyabiashara hao, na kwamba watu wa Borneo walikuta tayari umekwisha kupandwa?

Nina neno la pili. Kama mpunga ulikuwapo Unguja Ukuu wakati huo, je, mchele wetu wa Kyela ni mjukuu wa huo?

Mchimbuaji wa Iringa

Mzee wangu, shikamoo. Pingamizi lako ni la maana, na ndilo ambalo mtafiti yeyote alipaswa kulijibu kabla ya kutaja jina la mlowezi.

Punje moja ya mpunga, peke yake, haisemi ilishuka kutoka chombo cha nani. Jibu limo katika mtawanyiko. Wafanyabiashara wa India na Uarabuni walitia nanga kwanza katika bandari za pwani na visiwa vyake, Unguja Ukuu ikiwa mojawapo, na huko ndiko vyombo vyao vya udongo na shanga zao vinakopatikana. Kama mpunga na choroko vingekuja kwa mikono yao, tungetarajia viwe vingi katika bandari hizo kuliko mahali pengine, kisha vipungue kadiri unavyokwenda mbali nazo. Kilichoonekana ni kinyume chake: bandari zilizojaa bidhaa za kigeni zilikuwa zikila mtama na uwele, na visiwa vya mbali ndivyo vilivyokuwa vikila wali. Bidhaa za biashara zinaweza kuuzwa bila kubadilisha chungu cha jioni, lakini mfumo mzima wa kilimo, wenye nafaka yake, kunde zake na zao lake la nguo, kwa kawaida huhama na watu wanaojua kuulima.

Liongeze hilo kwenye mambo mawili yaliyopatikana kwa njia nyingine. Uchunguzi wa vinasaba vya upande wa kikeni uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba jamii ya Madagaska ilianzishwa na wanawake takriban 30, wengi wao wenye asili ya Indonesia, karibu miaka 1,200 iliyopita, yaani ndani ya muda ule ule wa mbegu. Mwaka 2018 uchunguzi mwingine ukaonyesha kuwa damu ya Asia ya Kusini-Mashariki ilikuwa imeingia Komoro tangu karibu karne ya 8. Mimi binafsi naona habari ya Komoro kuwa ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu Wakomoro wanazungumza lugha za Kibantu zilizo jirani na Kiswahili, na mtu aliyefuata lugha peke yake asingetafuta alama ya Waasia hao huko. Majivu ya jikoni ndiyo yaliyoihifadhi.

Kuhusu Pemba, utafiti wa Sarah Walshaw unaonyesha njia tofauti, ambayo inafaa kuwekwa wazi ili tusidhani kwamba pwani yote ilifanana. Katika makazi ya Tumbe, kuanzia karne ya 7 hadi ya 10, uwele ulikuwa na nafasi kubwa huku mpunga ukiwa umekwisha kuingia. Kufika Chwaka, kuanzia karne ya 11, mpunga ukawa ndio mkuu. Hapo tunaona watu wale wale wa kisiwa wakibadilisha chakula chao kwa vizazi, pamoja na kukua kwa miji na Uislamu.

Kwa Kyela, Mzee wangu, makazi hayo 18 yote ni ya visiwani na pwani. Hakuna hata moja lililo bara ndani, kwa hiyo hayawezi kutumiwa kudai nasaba ya mchele wa bonde lako.

Mama Migomba, Kiwira

Mwalimu, mimi ni bwana shamba mstaafu, ingawa watu wa huku walinizoea kwa jina la Mama Migomba. Nitashika suala la ndizi, kwa sababu ndilo ambalo wanafunzi wako watalidadisi zaidi, na kwa sababu ndizi huonewa sana katika maelezo haya: hupachikwa pamoja na mpunga kana kwamba zilishuka siku moja katika chombo kimoja.

Ndizi tunazolima hazina mbegu. Mgomba hupandwa kwa chipukizi, tunda ni laini, shina ni maji na nyuzi, na vyote huoza pasipo kuacha punje ya kuungua. Mchimbuaji anaweza kuosha udongo wa shamba zima la migomba asipate kitu. Kinachobaki ni chembe za silika, yaani madini magumu kama ya kioo, zinazojengeka ndani ya majani, ambazo jani likioza hubaki udongoni kwa maelfu ya miaka. Chembe za jani la mgomba zina umbo la kipekee: ukizitazama kwa hadubini unaona kilima kidogo chenye shimo kileleni, kama mlima wetu wa Ngozi, wenye kreta kileleni, unavyoonekana kwa anayeutazama kutoka juu.

Shida yetu Afrika ni kwamba tunaye pia ndugu wa mgomba ambaye ni mwenyeji. Mwalimu, bila shaka umemwona, yule mgomba mwitu wenye shina nene na majani yanayosimama wima, unaoota katika mabonde na kwenye kingo za misitu ya milima yetu, ambao tunda lake limejaa mbegu nyeusi ngumu. Huo ni ensete, ule ambao Waethiopia wanaulima kwa chakula, na chembe zake za silika zinakaribiana na za mgomba wa kulimwa. Mtaalamu huzitofautisha kwa kuangalia kwa makini sehemu ya chini ya chembe na ukingo wa shimo lake, na hapo ndipo mabishano yanapozaliwa.

Kule Nkang, nchini Kameruni, chembe zilizotambuliwa kuwa za ndizi zilitoka katika mashimo ya taka ya milenia ya kwanza kabla ya Kristo. Kule Munsa, nchini Uganda, chembe nyingine zilitoka katika matope ya kinamasi, na zikapewa umri wa zaidi ya miaka 5,000. Zote mbili zimepingwa, ya Munsa kwa nguvu zaidi. Lakini hata mtu akiikubali ya Nkang peke yake, ataona mara moja kwamba tarehe hiyo inatangulia walowezi wa Madagaska kwa zaidi ya miaka 1,000. Ikiwa ni sahihi, ndizi zilifika Afrika kabla yao, kwa mikono mingine. Wao wanaweza kuwa walileta aina nyingine baadaye, na vinasaba vya migomba vinaelekea huko: kuna kundi la ndizi liitwalo Mlali, linalopatikana Komoro, Madagaska na visiwa vya pwani yetu, ambalo ni ndugu wa karibu wa wazazi wa ndizi za biashara zinazouzwa dunia nzima. Huo lakini ni ushahidi wa mimea iliyo hai leo, wala haukutoka katika shimo la mchimbuaji, na ningependa wanafunzi waujue kwa jina lake.

Kama unataka mahali ambapo ndizi zimeshikwa barabara ardhini, wapeleke wanafunzi Kuk, katika nyanda za juu za Papua Guinea Mpya. Pale, kwenye kinamasi kilicho katika mwinuko wa takriban mita 1,500, ambao hautofautiani sana na wa Tukuyu, wachimbuaji walikuta matuta ya kilimo yenye chembe nyingi za migomba, yenye umri wa kati ya miaka 7,000 na 6,500 hivi. Watu wa nyanda za juu kama sisi, katika baridi na mvua kama yetu, walikuwa wakiinua matuta ili mizizi isizame majini. Nimeeleza jambo hilo kwa wakulima wa Kiwira mara nyingi, na sijaona mkulima aliyelisikiliza bila kuuliza matuta yalikuwa na upana gani.

Mkazi wa Njombe

Nachangia kidogo juu ya magimbi na viazi, kwa kuwa Mama ametaja Papua. Mazao ya mizizi hayana punje, lakini yana wanga, na chembe za wanga hunasa katika mikwaruzo ya zana za mawe na kwenye kuta za vyungu. Katika visiwa vya Pasifiki njia hiyo imewawezesha watafiti kuona magimbi katika makazi ya watu wa utamaduni wa Lapita, ambao ni wa ukoo ule ule wa mabaharia waliokuja baadaye Madagaska, ila wao walielekea mashariki.

Na kiazi kitamu, ambacho sisi huku tunakila na chai, kina kisa cha ajabu kuliko vyote. Asili yake ni bara la Amerika, lakini katika kisiwa cha Mangaia, miongoni mwa visiwa vya Cook, Patrick Kirch na wenzake walichimbua ndani ya pango vipande vya kiazi kitamu vilivyoungua, vya kipindi cha kabla Columbus hajavuka Atlantiki. Havikuwa na umbo la kiazi tena. Vilitambuliwa kwa mpangilio wa seli zake chini ya hadubini ya elektroni. Ni kiazi kile kile kilichoungua jikoni, mtu akakitupa.

Nazi nayo ina habari yake: uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2011 uligawa minazi ya dunia katika makundi mawili makubwa, la Bahari ya Hindi na la Pasifiki, na ukaona mchanganyiko wa makundi hayo Madagaska, Komoro na pwani ya Afrika Mashariki. Mchanganyiko huo unalingana na njia ya mabaharia waliotoka mashariki.

Mwalimu wa Tukuyu

Ninawashukuru nyote, Mzee wa Kyela pamoja na pingamizi lake, kwa sababu ndilo lililonifanya nielewe mtawanyiko una uzito gani. Nimeamua kuyagawa mazao ubaoni kufuatana na aina ya ushahidi: yale yenye mbegu zilizopimwa, yale yanayojulikana kwa chembe za silika au za wanga, na yale ambayo habari zake zimetoka katika vinasaba vya mimea ya leo. Ndizi nitaziondoa katika orodha ya mizigo ya walowezi wa Madagaska, na nitazipa somo lake.

Swali langu la mwisho ni la vitendo. Je, wanafunzi wanaweza kuifanya wao wenyewe ile kazi ya kuelesha udongo, ili waone jinsi mbegu inavyotoka? Karibu na kijiji kimoja hapa kuna mahali panapotoa vigae vya kale kila mvua ikinyesha, na vijana wangu wanapajua.

Mchimbuaji wa Iringa

Mwalimu, hapo penye vigae tafadhali msipaguse hata kwa jembe dogo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba bila kibali, na hata pasingekuwa na sheria, tabaka likishavurugwa halirudi. Wapeleke wanafunzi wapige picha, waandike mahali vigae vilipoonekana, na taarifa ipelekwe kwa ofisa utamaduni wa wilaya.

Kwa zoezi lenyewe tumieni jalala la jiko la shule, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likipokea majivu ya kuni. Chagueni sehemu iliyokwisha kushindiliwa, mtoe udongo wa juu na wa chini kwa vyombo tofauti, kila kimoja kikiwa na kibandiko chenye kina chake kwa sentimita, na mpime lita kumi za kila tabaka. Udongo uwe mkavu kabisa kabla ya kuingia majini, maana mkaa uliolowa huzama. Jazeni ndoo maji, mimineni udongo kidogo kidogo, korogeni kwa mkono bila kuponda, kisha mwage maji ya juu kupitia kitambaa cha kanga kilichochakaa, mkirudia hadi pasiwe na kinachoelea. Anikeni kivulini, kwa sababu jua kali hupasua mbegu zilizoungua.

Mtapata mahindi na maharage, pengine na punje za mchele, na hapo mwelekeze binti yule atafute kikonyo, yaani kile kijisehemu kidogo sana ambacho punje ya mpunga huning'inia katika suke. Mpunga mwitu hudondoka wenyewe ukiiva, kwa hiyo kovu la kikonyo chake huwa laini. Mpunga wa kulimwa hung'ang'ania suke hadi upurwe, na kovu lake huwa limechanika. Vikonyo ni vya pumba, kwa hiyo mchele wa dukani hauna; muombe Mzee wa Kyela awapelekee masuke machache mchome kwa kulinganisha. Kwa kovu hilo, lisilofika hata milimita moja, mtafiti anayeshika mpunga wa kale hujua kama alioushika ulipandwa na mtu.